Paji la Uso la Mjukuu wa Mzee Mithika

Miji mikubwa ya dunia hii bado ilikuwa inauliza intaneti ni mnyama gani wakati sisi watu wa Kangeta tulikuwa tayari tunalala naye nyumba moja. Ukibisha, muulize shemeji yangu Naftaly. Yeye ndiye aliyemleta kutoka Nairobi, kwenye pikapu ya miraa iliyokuwa inarudi tupu, akiwa amemfunga kwa blanketi na kumpakata mapajani kama mgonjwa anayetolewa hospitali.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Ofisi aliyokuwa anafanyia kazi ilikufa, na wafanyakazi wakagawana alichoacha marehemu. Mmoja alichukua viti, mwingine akachukua mapazia, Naftaly akachukua kompyuta. Alipofika kwetu aliitandaza juu ya meza ya sebuleni, akaondoa vitambaa vyangu vya kushona kwa mkono na kikombe cha uji cha binti yangu Gacheri, akasema hapo sasa ni makao makuu.

Mume wangu Riungu, ambaye ni kaka yake, aliangalia ile meza.

"Sasa sisi tutakula wapi?" akauliza.

"Kaka," Naftaly akamjibu, "watu wenye intaneti hawaulizi watakula wapi."

Basi tukawa tunakula jikoni.

Sokoni alijitangaza kuliko mhubiri wa mkutano wa injili. Kwamba ukipiga chafya Kangeta, kabla hujapangusa pua mtu wa London ameshakwambia pole. Kwamba umeme wa radi na intaneti yake vikitoka pamoja Mlima Kenya, umeme utafika Mombasa ukute intaneti imeshakunywa chai. Mtu akiuliza ina kasi gani hasa, Naftaly alikuwa anajibu, "Hamsini na sita."

"Hamsini na sita nini?"

"Hamsini na sita tu."

Soko zima likaanza kumwita Hamsini na Sita. Yeye alifikiri ni cheo.

Lakini hiyo radi ilikuwa inapita kwenye waya wa simu yetu, na simu yetu ndiyo ilikuwa simu ya kijiji. Juu ya kilima chetu hakukuwa na nyingine. Mume wangu alikuwa ameifunga kufuli ili mtu asipige, ila kupigiwa kulikuwa bure kwa kila jirani. Naftaly hakusumbuka na kufuli. Alichomeka waya wake ukutani, kufuli likabaki linalinda heshima yake peke yake.

Asubuhi moja, wakati Naftaly yuko ndani ya intaneti, nilinyanyua simu nimpigie salamu dada yangu wa Timau, kwa ule ufunguo ambao mume wangu anafikiri sijui unakaa wapi. Sikioni nikasikia kishindo kama mvua ya mawe inagonga bati.

"Mama Gacheri, rudisha," Naftaly akasema haraka. "Utaimwaga."

"Kwa hivyo ukiwa humo ndani, simu haiwezi kuingia?"

"Asubuhi nani anapiga simu?"

Hapo alisema ukweli. Asubuhi watu wetu wote wako juu ya miti wanachuma, na mtu aliye juu ya mti wa miraa hana habari na simu. Waya ulikuwa wake peke yake, na mambo yalikuwa yanafunguka upesi. Aliniita nione picha ya twiga. Twiga alitokea shingo, mwili na miguu hata kabla Gacheri hajamaliza kulia. Nikamsifu, kwa sababu ni shemeji yangu, na kwa sababu twiga alikuwa mzuri.

Jioni ni jambo lingine. Miraa ni kitu cha haraka. Inachumwa asubuhi, mchana inafungwa vitita ndani ya majani ya mgomba, na jua likianza kuinama mnunuzi wa Nairobi anapiga simu kusema anataka mzigo gani, ili pikapu iutoe kabla ya alfajiri. Asipopiga, hakuna kupakia. Usipopakia, kesho yake miraa imekauka, na keshokutwa yake ni fagio. Kwa hiyo jioni nchi yetu nzima ya Igembe inashika simu, wa Maua wanapiga, wa Kangeta wanapigiwa, na zile nyaya zinajaa watu kama mlango wa kanisa siku ya harusi.

Kila jioni Mzee Mithika alikuwa anakuja kwetu kungojea simu yake. Mnunuzi wake ni mama mmoja wa Nairobi anayeitwa Mama Halima, ambaye sauti yake haihitaji simu, ni vile tu Nairobi ni mbali. Mzee alikuwa anakaa kiti cha karibu na simu, fimbo katikati ya magoti, hasemi. Simu ikiita, anasema "Ndiyo" mara kadhaa, anaaga na kwenda kupakia.

Na huyo Mzee Mithika ndiye baba yake Kinya, mwalimu wa shule ya watoto wadogo. Na huyo Kinya ndiye aliyemfanya shemeji yangu anyoe ndevu.

Mzee hakuwa na chuki na Naftaly. Alikuwa na swali moja tu, na alilirudia kila alipomwona. "Kijana, miti yako ya miraa iko wapi?"

"Mzee, mimi niko kwa teknolojia."

"Na hiyo inachumwa mwezi gani?"

Naftaly aliona hapo hakuna njia ya kupita, akatafuta ya kuzunguka. Mtoto wa kwanza wa Mzee Mithika, Mutwiri, alikuwa Uingereza miaka mingi, na huko alikuwa amepata mtoto wa kiume. Kwetu mvulana wa kwanza anachukua jina la babu yake, mzaa baba. Kwa hivyo kulikuwa na Mithika mwingine mdogo Uingereza, na Mithika mkubwa hakuwa amemwona hata kwa karatasi. Picha ilikuwa imetumwa kwa posta, na posta ilikuwa bado inafikiria.

Sasa Naftaly na Mutwiri walisoma pamoja. Wakaandikiana huko ndani ya kompyuta, na Mutwiri akaiweka ile picha kwenye ukurasa wake wa intaneti. Naftaly alipopata habari hiyo alikimbia hadi kwa Mzee akiwa na viatu vya nyumbani.

"Mzee, kesho jioni njoo umwone mjukuu wako. Atakuja hapa Kangeta."

"Kwa ndege?"

"Kwa waya."

Mzee aliegemea fimbo yake. Halafu akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Na uso wake utaonekana?"

"Mpaka kucha."

Usiku huo shemeji alikuja jikoni kunieleza mpango wake. Mzee akishamwona mjukuu, moyo ukiwa laini, yeye Naftaly atasimama na kumpa ncoolo, kile kitita cha miraa cha heshima ambacho mwanamume analeta akitaka kuomba binti wa watu. Mzee akikipokea na kutafuna na rafiki yake, mazungumzo ya ndoa yameanza. Akikirudisha, basi.

"Shemeji," nikamwambia, "kwa nini usimwite asubuhi?"

"Asubuhi mzee yuko shambani."

"Lakini jioni simu ni ya miraa."

Akanitazama kwa huruma. "Mama Gacheri, mambo ya waya niachie. Hamsini na sita haipangi foleni."

Jioni ilipofika, Mzee Mithika alikuja na koti lake la kanisani. Alikuja pia na Mzee Mbogo, mtu wa Embu aliyefika kwetu zamani kununua ng'ombe, akaoa, na mpaka leo anasema yuko njiani kurudi. Nadhani alikuwa ameshanusa kitu, maana kwa mambo ya ndoa lazima mzee awe na mzee mwenzake, na kwa mambo ya kucheka hakuna mwenzake Mbogo.

"Miraa yangu nimeacha imefungwa," Mzee Mithika akasema akikaa kiti chake karibu na simu. "Dereva ako tayari. Mama Halima akipiga mniambie, masikio yangu yatakuwa kwa mtoto."

"Atapiga tu, mzee," Naftaly akasema. Akachomeka waya.

Kile kisanduku chake kidogo, kinachounganisha kompyuta na waya wa simu, kililia kama mbuzi aliyefungiwa ndani ya debe. Mzee Mbogo akatoa kofia.

"Anazaliwa?" akauliza.

Wakangoja. Nilileta chai na nduma, chai ikanywewa. Naftaly alieleza mambo ya setilaiti. Juu kabisa ya kioo, mstari mwembamba ukatokea, rangi ya maziwa. Ukaongezeka chini yake mwingine. Halafu mwingine. Mistari ilikuwa inashuka kama mtu mzee anayeshuka ngazi, anaweka mguu mmoja, anapumzika, anafikiria kama mguu wa pili una maana.

"Hiyo ni nini?" Mzee akauliza.

"Hiyo ni ukuta, mzee. Wa Uingereza."

"Ni mzuri," Mzee akasema kwa adabu.

"Mjukuu amefanana na ukuta," Mbogo akasema. "Mnyamavu. Ni wa upande wako."

Chai ya pili ikanywewa juu ya huo ukuta. Ndipo pakatokea nywele kidogo, nyeusi, zilizolala upande. Mzee Mithika akasogeza kiti. Chini ya nywele kikaanza kitu cha kahawia, laini, kipana.

"Paji la uso," nikasema, kwa sababu mama anajua.

Mzee akaweka fimbo chini. "Hilo ni la baba yangu," akasema. "Pana namna hiyo. Mbogo, unaliona?"

"Naliona. Hata wewe ulikuwa nalo kabla ya nywele kukimbia."

Hapo hapo kisanduku kikaguna, picha ikapotea, kioo kikabaki cheupe. Laini ilikuwa imekatika.

Naftaly akacheka kicheko cha mtu ambaye suruali imeachia kanisani. "Kidogo tu, mzee." Akabonyeza. Mbuzi akalia tena ndani ya debe. Ukuta ukaanza upya, kuanzia juu.

Sitaki kuwachosha kama sisi tulivyochoka. Tuliuona ule ukuta mpaka Mbogo akauliza kama mwenyewe anauuza. Nywele zilikuja, paji la uso likaja, laini ikakatika. Tukaanza tena. Kila paji la uso lilipofika Mzee alilisalimia upya, na kila lilipopotea alishusha mabega kama aliyenyang'anywa.

"Mimi nafikiri," Mbogo akasema, "hata mama ya huyo mtoto hajaona hilo paji la uso mara nyingi kama sisi."

"Ni saa za jioni, mzee," Naftaly akasema, jasho likimtoka. "Watu ni wengi kwa waya."

"Kumbe hamsini na sita ni idadi ya watu walio mbele yetu," Mbogo akasema.

Giza lilikuwa linaingia. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na Gacheri mgongoni, na nilianza kuona kitu ambacho hakikuwa kwenye kioo. Mzee Mithika, kila picha ilipopotea, alikuwa anageuza kichwa kidogo kuitazama simu. Halafu anatazama nje kwenye giza. Halafu anarudi kwa mjukuu.

Nikaenda kwa Naftaly kama mtu anayeokota vikombe, nikainama karibu na sikio lake.

"Shemeji, simu ya mzee haijaita."

Masikio yake yalibadilika rangi. Alijua. Mvua ile ya mawe alikuwa anaijua kuliko mimi. Alitazama waya ukutani, na mkono wake ukaenda mpaka karibu kabisa nao. Kwenye kioo, chini ya paji la uso, zikaanza kutokea nyusi. Nyusi mbili ndogo, kama zimechorwa na sisimizi.

"Macho!" Mzee akasema. "Macho yanakuja!"

Mkono wa Naftaly ukarudi mapajani.

Niseme ukweli, hata mimi nilitaka kuyaona yale macho. Sote tulisogea. Mbogo aliacha kutania. Mstari mmoja ukashuka, na mwingine, na jicho moja likaanza kufunguka kutoka juu, polepole, kama jua la Julai linalotafuta nafasi kwenye ukungu.

Laini ikakatika.

Na kabla Naftaly hajagusa kitu, simu ikaita.

Iliita kwa hasira, kama iliyokuwa imezibwa mdomo. Mume wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka dukani, akamkabidhi Mzee. Mzee hakuhitaji kuiweka sikioni. Mama Halima alisikika mpaka kwenye zizi.

"Mzee Mithika! Huko kwenu mnaongea na nani tangu jua liko juu? Nimepiga, bize. Nimepiga, bize. Nimechoka, nimechukua mzigo wa watu wa Maua! Yako kula mwenyewe!"

Tu, tu, tu, simu ikasema.

Mzee aliirudisha mahali pake taratibu sana. Akaitazama. Akafuata waya wake kwa macho, kutoka kwenye simu mpaka ukutani, kutoka ukutani mpaka kwenye kisanduku, kutoka kwenye kisanduku mpaka kwa shemeji yangu.

"Kwa hivyo," Mzee Mbogo akasema, "jioni yote tulikuwa tumekalia simu, tukiingojea simu."

Hakuna aliyecheka. Hata Mbogo mwenyewe alirudisha kofia kichwani.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Lakini Naftaly alikuwa amefanya mazoezi ya hotuba yake jikoni tangu asubuhi, na hotuba iliyofanyiwa mazoezi ikishafika mlangoni lazima itoke. Alisimama. Akaingiza mkono chini ya meza ya makao makuu, akatoa ncoolo yake, imefungwa vizuri kwa jani bichi la mgomba, akainyoosha kwa mikono miwili.

"Mzee," akasema, "nimekuletea miraa."

Nilifunga macho. Mume wangu aligeuka akasoma kalenda.

Mzee Mithika alikitazama kile kitita. Nyumbani kwake, ghala lilikuwa limejaa vitita mpaka kwenye dari, vibichi, vizuri, ambavyo kesho vitakuwa fagio.

"Kijana," akasema. "Unaniletea mimi miraa. Leo."

"Ndiyo, mzee."

"Mbogo, umesikia? Nimeletewa miraa."

"Nimesikia," Mbogo akasema. "Nilikuwa nafikiri unayo."

Mzee akachukua fimbo yake, akasimama. Hakupokea, na hakukataa. Alifika mlangoni, akamgusa Gacheri shavuni kwa kidole kimoja, halafu akageuka.

"Hiyo kaa nayo kwanza. Kile unaniuliza nimekielewa, na jibu nitakupa. Lakini usiharakishe. Hata mimi niko na waya wangu."

Ile miraa ya ghalani kwa Mzee, majirani walitafuna waliyoweza, iliyobaki wakapewa mbuzi. Asubuhi tuliwakuta mbuzi wa Mzee Mithika wamesimama mstari mmoja kwenye ua, macho yamewatoka, wanatazama barabara ya Nairobi kama wanaongojea simu.

Naftaly alihama na kompyuta yake mpaka stoo. Vitambaa vyangu vikarudi mezani. Alikuwa amekwenda Nairobi kwa Mama Halima mwenyewe, kwa pikapu ya alfajiri ya siku hiyo ya mbuzi, akaeleza kosa lilikuwa la nani, na jioni iliyofuata simu ikaita mapema, Mzee akasema "Ndiyo" zake. Lakini kuhusu Kinya, hakuna neno.

Halafu posta ikamaliza kufikiria. Mithika mdogo akafika ndani ya bahasha, mzima, na macho yote mawili na kucha zote. Jumapili baada ya kanisa Mzee alituita kwake. Picha alikuwa ameiweka ukutani na kuifunika kwa gazeti. Alimkalisha Naftaly mbele yake, akavuta gazeti kidogo. Ukatokea ukuta.

"Umeuona?" akauliza.

"Nimeuona, mzee."

"Ni mzuri, sio?"

Naftaly akakubali kwamba ni mzuri.

"Haya. Sasa lile jibu lako." Mzee akakohoa, akajiweka sawa kitini. "Mimi," akasema.

Tukangoja.

"Hiyo ndiyo ya leo," akasema. "Jioni watu ni wengi kwa waya."

Jumapili iliyofuata gazeti lilishuka mpaka kwenye nywele, na Mzee akaongeza "Mithika." Iliyofuata, paji la uso, akasema "baba yake Kinya." Kangeta nzima ikawa inafuata. Watu walitoka kanisani kwa mwendo wa haraka kuliko kawaida. Shemeji yangu alikonda. Alikuwa anakuja mapema, anakaa kimya, hajisifu, anapasua kuni bila kuombwa. Siku moja nikamwona ameshika jembe, anachimba mashimo ya kupanda miche ya miraa, na kila mwenye kujua kilimo anajua mche wa miraa unahitaji miaka. Hakusema una kasi gani.

Kinya alinikuta kisimani, yeye akija anacheka peke yake.

"Baba alishakubali zamani," akaniambia. "Alikubali siku ile ya mbuzi, kwa vile alivyoona Naftaly ameenda Nairobi kujisema mwenyewe. Lakini usimwambie, Mama Gacheri. Sijawahi kumwona mtulivu hivi. Wacha aive kidogo."

Sikumwambia. Mimi ni mtu wa kunyamaza.

Basi ikafika Jumapili ambayo gazeti lilishuka chini ya macho, chini ya pua, mpaka mdomo wa mtoto ukaonekana, unacheka bila meno. Ua ulikuwa umejaa watu. Mzee Mbogo alikuwa amekaa mbele na kofia mkononi. Naftaly alikuwa ameshika ncoolo mpya kwa mikono miwili, na jasho lake lilikuwa linadondokea kwenye jani la mgomba.

"Mimi, Mithika, baba yake Kinya," Mzee akasema kwa sauti kubwa, "nimefikiria, nimeuliza wenzangu, na kuhusu huyu kijana na binti yangu, mimi sasa nime—"

Akanyamaza. Akashika koo. Akakohoa kidogo, akamtazama Mbogo, Mbogo akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Oo," Mzee Mithika akasema. "Imekatika."

Akainuka, akapandisha gazeti mpaka juu, akafunika mdomo, pua, macho na paji la uso. Akarudi kitini, akapanga miguu, akaanza upya.

"Mimi," akasema.